Kibanda cha intaneti kwa wakulima wadogo: anzeni na mizani, kompyuta ije baadae

Katibu wa kikundi kimoja cha wakulima wadogo ameuliza hivi: "Tupo wanachama 140. Kuna mfadhili anataka kutupa kompyuta 3 na intaneti ya bure mwaka 1 tufungue kibanda, wakulima wawe wanaangalia bei za masoko na huduma zingine. Nusu ya wanachama wamefurahi, nusu wanasema siku hizi kila mtu ana simu, kibanda cha nini. Mimi naogopa tupokee alafu mwaka ukiisha kibaki chumba kimefungwa kufuli. Tupokee au tukatae?"

Katibu, pole na kazi. Hiyo hofu ya kufuli ni ya kweli na usikubali mtu akwambie unarudisha watu nyuma. Mimi nimefanya kazi na vibanda vya namna hii miaka mingi na hilo kufuli nimeliona, mlango umefungwa, ukichungulia dirishani kompyuta zimefunikwa kitambaa, ukiuliza ufunguo unaambiwa anao fulani na fulani kasafiri. Jibu langu kwa ufupi ni mpokee, ila sio kwa mpangilio aliokuja nao mfadhili. Yeye ameanza na kompyuta. Mimi nataka muanze na mnunuzi na mizani, kompyuta ndo iingie mwishoni. Ngoja nieleze kwanini, nivumilie mana itakuwa ndefu.

Kibanda kinachotajwa sana kwenye mambo haya ni e-Choupal ya India. Choupal ni pale wanakijiji wanapokutana kuongea mambo yao, kama baraza. Ilianza mwezi wa 6 mwaka 2000, ikaanzishwa na kampuni ya ITC, kampuni kubwa ambayo asili yake ni tumbaku, na walianzia jimbo la Madhya Pradesh kwa wakulima wa soya. Baadae vibanda vilifika zaidi ya 6,000 kwenye majimbo kadhaa. Sasa watu wengi wakisikia hii stori wanaondoka na kitu kimoja tu, kwamba wakulima walipewa kompyuta, wakaona bei, wakafanikiwa. Haikuwa hivo, na ukielewa ilivyokuwa utajua cha kumwambia mfadhili wenu.

Kabla ya vibanda soya ilikuwa inauzwa mandi, yani soko la mazao linalosimamiwa na serikali, na sheria ilitaka biashara ifanyike humo. Mkulima anapakia mzigo kwenye trela la trekta usiku, asubuhi yuko kwenye foleni. Bei hajui, ataijua mnadani. Wanunuzi wanapita, mmoja anachota soya kwenye kiganja anaitazama, wanataja bei, imeisha. Akisema hiyo ndogo siuzi, arudi na trela zima nyumbani kwa gharama yake na kesho hakuna anayemhakikishia itakuwa nzuri zaidi. Bas anauza. Alafu unakuja upimaji, soya inatiwa kwenye magunia, gunia moja moja linapandishwa kwenye mizani ya mkono, kila likiinuliwa kuna punje zinamwagika chini na kila kipimo kikisomwa kuna kidogo kinakatika, na mwenye mali amesimama pembeni hajalala usiku kucha. Mwisho pesa, na pesa yenyewe mara nyingine sio yote siku hiyo, anaambiwa arudi. Nimeyaeleza taratibu haya kwasababu nataka uone shida ya yule mtu haikuwa kutojua bei peke yake, shida ilikuwa akishafika pale hana tena pa kwenda.

Kampuni ikafanya hivi. Iliweka kompyuta nyumbani kwa mkulima mmoja kijijini, wanamuita sanchalak, na kibanda kimoja kilihudumia kama wakulima 600 wa vijiji 10 hivi ndani ya kilomita 5. Sanchalak anafungua kompyuta anaona bei ya kampuni, ambayo inapangwa kwa kufuata bei za mandi za jana yake, anawatangazia wenzake. Mkulima anamletea soya kidogo ya kuonyesha, inamwagwa mezani, wote wawili wanaitazama, unyevu, mawe, takataka, punje mbovu, anamwambia hapa nakukata kwasababu ya hiki na hiki. Alafu anamwandikia karatasi yenye jina lake, kijiji chake, ubora wa mali, kiasi anachokadiria na bei. Mkulima akiridhika anaenda na ile karatasi kwenye kituo cha kampuni. Kule trela lote linapanda kwenye mizani ya umeme, linapimwa limejaa, linapimwa tupu, anarudishiwa gharama ya usafiri na analipwa pesa yote pale pale. Asiporidhika anapeleka mandi kama zamani, hakuna wa kumkataza.

Kuna kitu kidogo kwenye ule mpango ambacho nakipenda mpaka leo. Kampuni ilihitaji kujua soya ina mafuta kiasi gani mana ndo biashara yenyewe, na hicho kipimo ni cha maabara. Wakakifanya baada ya mkulima kuuza, na hakikugusa bei yake. Walijua mtu aliyepunjwa miaka na miaka, ukimwambia mashine imesema soya yako haina mafuta kwahiyo nakupunguzia, anaona ni wizi wa aina mpya. Kwahiyo bei ilikatwa kwa vitu ambavyo mwenyewe anaviona kwa macho. Na nyuma ya yote haya serikali ya jimbo ilibidi ilegeze sheria ili kununua nje ya mandi kuruhusiwe, kampuni ikaendelea kulipa ushuru.

Sasa hesabu mwenyewe. Kuna mnunuzi wa kweli mwenye pesa, kuna bei inayojulikana kabla mtu hajapakia, kuna mtu wa kijijini wanayemwamini, kuna mizani isiyoiba, kuna malipo siku hiyo hiyo, kuna sheria imefunguliwa njia. Na kuna kompyuta. Mfadhili wako kakuletea hiyo ya mwisho tu.

Mchumi mmoja, Aparajita Goyal, aliifuatilia hii kazi na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Vibanda vilipofika eneo fulani, bei ya soya ndani ya mandi zenyewe ilipanda kati ya asilimia 1 na 3. Soma vizuri hapo, ndani ya mandi, yani hata mkulima ambaye hakuwahi kuiuzia ITC gunia moja alipata, kwasababu wafanyabiashara wa mandi walishajua huyu mtu sasa ana mlango mwingine. Na eneo la kulima soya likaongezeka. Asilimia 1 mpaka 3 wanachama wako wanaweza kuiona ndogo, lakini kwa mtu ambaye faida yake ni nyembamba na hajaongeza hata jembe moja shambani, ni pesa ya kweli. Hiyo hiyo pia ikuzuie wewe na viongozi wenzako kuahidi mkutanoni kwamba bei itapanda mara 2, msiahidi hicho kitu kabisa, mana mwanachama aliyedanganywa msimu wa kwanza hamtampata wa pili.

Linganisha na sehemu ambazo wakulima walipewa bei peke yake. Maharashtra, India hiyo hiyo, wakulima walikuwa wanatumiwa meseji za bei na hali ya hewa kwenye simu, Marcel Fafchamps na Bart Minten wakapima na kuandika mwaka 2012 kwamba hawakuona faida ya maana kwenye bei aliyopata mkulima. West Bengal, jimbo lingine la India, ikafanyika kazi kama hiyo kwa wakulima wa viazi, wakapewa bei za soko la jumla kila siku, wastani wa bei waliyouzia haukubadilika, kwasababu mkulima mdogo hawezi kwenda kuuza mwenyewe soko la jumla, anamuuzia mchuuzi wa kijijini, na yule mchuuzi anajua kabisa kwamba huyu hata akijua bei ya mjini hana pa kuipeleka mali yake. Inauma sana kujua unapunjwa kiasi gani na bado ukauza, wakulima wameniambia hilo kwa mdomo wao, wengine wanasema bora nisingejua.

Na upande wa pili, pale habari ilipofanya kazi vizuri sana, angalia ilikuwaje. Robert Jensen aliandika mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, kusini mwa India, wakati simu za mkononi zinaingia pwani ile kati ya 1997 na 2001. Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza 1997 pale Badagara wavuvi 11 walimwaga samaki wao kwasababu hakuna mnunuzi, na wakati huo huo ndani ya kilomita 15 kulikuwa na wanunuzi wanataka kuondoka mikono mitupu. Simu zilipofika mvuvi anapiga akiwa bado majini, anasikia wapi kuna wateja, anageuza chombo. Faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8, mlaji naye akapata bei ya chini kwa asilimia 4, na samaki wa kumwaga wakaisha. Lakini yule mtu alikuwa na chombo, kina injini, na anaweza kukigeuza. Wanachama wako wana nini cha kugeuza? Hilo ndo swali la kujibu kabla ya kujadili kompyuta ngapi.

Kwahiyo kazi ya kwanza haihitaji umeme. Nunueni daftari kubwa. Kila mwanachama aje aandikishe msimu uliopita aliuza kiasi gani, kwa nani, aliambiwa bei gani na akapata bei gani mkononi, uzito aliopima nyumbani na uzito aliosomewa na mnunuzi, siku ngapi zilipita mpaka pesa ifike, na, hili muulizeni faragha, alikuwa anadaiwa na huyo mnunuzi au la. Wiki 2 zinatosha. Ukimaliza utaona shida yenu iko wapi, na mara nyingi haiko kwenye bei. Inaweza kuwa kwenye uzito. Inaweza kuwa kila mmoja anauza gunia 3 peke yake kwahiyo hakuna lori litakalosimama. Inaweza kuwa deni, na hapo ndo pagumu kuliko pote, mana mtu aliyekopeshwa mbegu na pesa ya ada na dalali msimu wa njaa amekwishauza mazao yake yakiwa bado shambani, hata ukimfungia skrini ukutani kwake yenye bei za dunia nzima haimsaidii. Huyo anahitaji mkopo mwingine wenye masharti nafuu kwanza, bei baadae.

Hapo niseme kidogo kuhusu madalali kwasababu kila kikundi kinachoanzisha kitu kama hiki kinaanza kwa kutangaza vita nao. ITC hawakufanya hivo. Waliwachukua baadhi ya madalali wa mandi wakawapa kazi, wanawaita samyojak, wakasaidia kuchagua masanchalak, kushughulikia malipo, kusimamia mzigo, na wakalipwa kamisheni. Dalali anajua mambo mengi, anajua lori la nani linarudi tupu, anajua mnunuzi yupi anatoa cheki hewa. Mkiwa na uwezo wa kukaa naye mezani mkiwa na mzigo wenu umepimwa na umekusanywa, mwiteni.

Nirudi kwa wanaosema kila mtu ana simu. Wana hoja, na ni kubwa. Kwa kuangalia bei tu hamhitaji kibanda, hata ITC wenyewe wameingia kwenye simu, mwaka 2022 walitoa programu yao ya simu inaitwa ITCMAARS, ila ona kwamba inapita kwenye vikundi vya wakulima, sio mkulima mmoja mmoja anahangaika peke yake. Simu ikionyesha bei imemaliza kazi yake. Kukusanya mzigo wa watu 140 uwe mmoja, kupima unyevu, kuprinti mkataba na kumsomea mtu ambaye macho yake hayaoni maandishi madogo, kumjazia fomu ya bima au ya mkopo, kupiga picha jani lenye ugonjwa na kulituma kwa bwana shamba alafu kumtafuta mwenye shamba jibu likirudi, hizo ni kazi za mtu aliyekaa mahali panapojulikana. Kwa mimi kibanda ni huyo mtu. Kompyuta ni chombo chake cha kazi tu kama ilivyo mizani.

Na huyo mtu ndo mtakosea au mtapatia. ITC walitafuta mkulima, sio kijana wa kompyuta kutoka nje, mtu aliyesoma kiasi, anayeheshimika, sio tajiri wa kijiji na sio wa chini kabisa, nyumba yake iko mahali watu wanafika. Kabla ya kuanza anakula kiapo mbele ya wanakijiji kwamba atawahudumia wote. Umeme na simu analipia yeye, na anapata kamisheni kwa mzigo unaopita kwake, kwahiyo mkulima asipouza vizuri na yeye hali. Ninyi pia msimlipe mshahara wa mfadhili. Mshahara wa mfadhili unaisha mwaka 1 ukiisha na mtu anaondoka na ufunguo, na hapo ndo kufuli lako linapotokea. Mpeni asilimia ndogo ya kila mzigo unaouzwa kupitia kikundi na sehemu ya pesa ya huduma za kibandani, iandikwe, isomwe mkutanoni, kila mtu ajue anapata nini. Tabu ya ule mfumo wa India ilikuwa kwamba masanchalak karibu wote ni wanaume na kompyuta iko nyumbani kwao, mwanamke hawezi kuingia tu nyumbani kwa mwanaume na kukaa. Kwenu nusu ya wanaolima watakuwa wanawake, kama sio zaidi. Wekeni kibanda sehemu ambayo mwanamke anapita bila kuulizwa anaenda wapi, na muwaulize wenyewe saa ngapi wanapata nafasi, mana ukifungua asubuhi wakati wako shambani na ukafunga jioni wakitoka huko, umewafungia nje bila kukusudia. Mkipata watu 2 wa kusimamia, mmoja awe mwanamke.

Kwa wasiojua kusoma msikate tamaa pia. Pale Nakaseke, Uganda, kwenye kituo chao cha intaneti, walitengenezewa CD ya mawazo ya kuongeza kipato kwa wanawake wa vijijini, inaongea Kiganda, mama anabofya anasikiliza, hahitaji kusoma neno. Na huko Pondicherry, India, taasisi ya M.S. Swaminathan ilifungua vituo vya maarifa vijijini kuanzia 1998, kwenye kijiji cha wavuvi cha Veerampattinam vijana walikuwa wanachukua utabiri wa urefu wa mawimbi kutoka tovuti ya jeshi la majini la Marekani, wanautafsiri kwa Kitamil na kuutangaza kwa vipaza sauti, mvuvi anausikia akiwa anatengeneza nyavu zake hajagusa kompyuta maishani. Ile tsunami ya mwezi wa 12 mwaka 2004 ilipokuja, kijiji cha jirani cha Nallavadu walipigiwa simu kutoka Singapore na mwenzao, wakavunja mlango wa kituo, wakatangaza kwa kile kipaza sauti watu wakimbie, na watu wakakimbia wakapona. Kipaza sauti ni bei rahisi kuliko kompyuta. Kiandikeni kwenye orodha.

Sasa huduma zingine, mana umeziuliza. Bei za mazao haziwezi kulisha kibanda, mtu anauza mara 1 au 2 kwa mwaka, miezi mingine yote nani anaingia? Vibanda vinavyosimama vinaishi kwa picha za paspoti, kuprinti, fotokopi, fomu za shule, kutuma na kupokea pesa, vyeti vya serikali. Huko Karnataka, India, mradi wa Bhoomi uliingiza kwenye kompyuta rekodi milioni 20 za mashamba ya wakulima milioni 6.7, mkulima alikuwa anaenda dirishani ofisi ya taluka, ngazi iliyo chini ya wilaya, analipa rupia 15, anaprintiwa hati ya shamba lake. Kabla ya hapo daftari lilikuwa kwa karani wa kijiji, umtafute, umngoje, umpe chochote. Hati ile ndo inaombwa benki ukitaka mkopo, kwahiyo watu walijaa. Lakini kuna Gyandoot, wilaya ya Dhar kule Madhya Pradesh, walianza mwezi wa kwanza 2000, miezi kadhaa kabla ya e-Choupal, wakapata tuzo ya kimataifa Stockholm mwaka huo huo, na bado vibanda vyao vingi vikakosa wateja. Umeme unakatika, laini za simu hazishiki, na mtu akituma malalamiko au ombi kwenye kompyuta, ofisini hakuna anayelijibu kwa wakati. Akirudi mara 2 bila jibu hatorudi ya 3. Kwahiyo kabla hamjabandika mlangoni kwamba mnatoa huduma fulani ya serikali, nendeni kwenye hiyo ofisi, muonane na karani atakayelipokea ombi, mjue jina lake na siku anazokuwepo. Kama hakuna karani upande wa pili, hiyo huduma msiitangaze.

Hatari moja ya mwisho, na hii inanisumbua kuliko umeme. Mkishapata mnunuzi mmoja mzuri mtataka kumpa kila kitu. Kenya kulikuwa na mradi wa DrumNet, uliwaunganisha wakulima wadogo wa Kirinyaga na wasafirishaji wa mboga za Ulaya, maharagwe machanga na mahindi machanga, na mkopo na usafiri humo humo. Nava Ashraf, Xavier Giné na Dean Karlan walipima, wale walioanza kulima hayo mazao kwa mara ya kwanza kipato kilipanda kama asilimia 32, kazi nzuri kabisa. Mwaka mmoja baadae msafirishaji akaacha kununua kwasababu wakulima hawakuwa na cheti cha EurepGAP, cheti cha kilimo salama kilichokuwa kinatakiwa Ulaya wakati huo. Mboga ziko shambani, hazisubiri. Wengine waliwauzia madalali kwa hasara, wengine zikawaozea, mikopo ikakwama, wakarudi kwenye mazao yao ya zamani. Mradi wenyewe ulikuwa unafanya kazi. Kwahiyo tangu siku ya kwanza kibanda kiwe na wanunuzi angalau 2, hata kama wa pili anatoa kidogo, na msimamizi awe na kazi ya kuuliza kila mwezi, kuna kanuni gani mpya inakuja, kuna cheti gani kitatakiwa. Hiyo ndo kazi ya intaneti ninayoiamini kuliko ya bei, kujua mapema mlango gani unataka kufungwa.

Haya, kwa mfadhili. Mwambieni mnashukuru na mnaomba abadilishe: kompyuta 1 badala ya 3, pesa ya zile 2 inunue mizani nzuri ya kidijitali, kipima unyevu, printa, sola yenye betri inayoweza kubeba kompyuta na printa siku nzima, na kipaza sauti. Intaneti asiwape bure mwaka 1, awalipie gharama yote miezi 6 ya kwanza, alafu alipie nusu ya gharama kwa mwaka unaofuata, alafu robo yake, ili kila siku mjue gharama inakuja na mjipange, mana kitu cha bure kikiisha ghafla kinawakuta hamna hata sanduku la makusanyo. Mizani muiweke nje ya mlango sio ndani, kila mtu apime mwenyewe kabla mnunuzi hajafika na aandikiwe karatasi yake, na mnunuzi apime kwenye mizani hiyo hiyo mbele yake. Nimeona mahali mizani peke yake, kabla hata kompyuta haijawashwa, imebadilisha namna mnunuzi anavyoongea na mkulima.

Akikubali, pokeeni kwa mikono 2. Akisema ni kompyuta 3 au hakuna, pokeeni tu kama mko tayari kuchanga na kununua mizani kabla kompyuta hazijafika. Watu 140 mkigawana hiyo gharama haitamuumiza mtu, na mkutano wa kuchanga utakuonyesha ni wangapi wanakitaka hiki kitu kweli. Wakigoma kuchanga, mwandikie mfadhili barua nzuri umwombe asubiri msimu mmoja, na huo msimu uutumie kujaza lile daftari.